Nimewachagulia Shule ya Moshi

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa furaha ambayo karatasi hii haitaitosha. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko milimani? Kikohozi cha dada kimepona? Na paa la jikoni, mvua imeliacha salama? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa hata mkanda umeongezwa tundu, maana nimepanga kwa wavuvi wa maporomoko, na hapa samaki analiwa asubuhi na jioni. Namwomba katekista anayekusomea asome taratibu, asiruke mstari hata mmoja, kwa sababu mwanao ameshinda na nataka usikie yote.

Unajua kazi niliyotumwa. Mkurugenzi wa mgodi aliniita ofisini akasema: "Sylvestre, wewe iko kapita, musimamizi ya wachimbaji, unajua watu yako. Enda Kisangani, angalia ile mashule mbili ya kufundisha watu wa migodi kujilinda, halafu utaniambia gani iko muzuri." Kambini mlinipigia makofi, nami nikatembea kwa maringo siku nzima. Lakini moyoni nilikuwa namfikiria Gaspard, mdogo wangu, ambaye mwezi ujao anaacha kuosha mchanga juu na kuanza kushuka shimoni. Nikichagua vibaya, yeye ndiye atakayelipa. Sikukuambia hivyo siku ya kuondoka, ila nadhani ulijua.

Shule ya kwanza iko mjini, karibu na bandari. Mama, inapendeza! Viti vya kukunja, feni inayozunguka juu kwa umeme wa maporomoko ya Tshopo, na sinema. Katika sinema mchimbaji anatembea bila kofia, jiwe linamwangukia, watu wanacheka, kisha mwalimu anasoma sheria na sisi tunazirudia kwa sauti moja kama watoto wa komunyo ya kwanza. Siku tatu tu, halafu kila mtu anapewa diploma yenye muhuri mwekundu. Nilipopokea yangu niliona kazi imekwisha. Nilikwisha hata kuanza barua ya kumwambia mkurugenzi ni hii, asitafute nyingine.

Shule ya pili nilikwenda kutimiza amri tu. Iko nje ya mji, upande wa Simi-Simi penye uwanja wa ndege, ambako ndege zinapita chini mpaka unainamisha kichwa. Hakuna viti wala sinema. Kuna handaki refu la magogo lililofunikwa udongo, na ndani yake wanachoma majani mabichi mpaka moshi unajaa. Mwalimu wao, moniteur Bonaventure, ni mtu wa Isangi aliyechimba miaka mingi kabla ya kufundisha. Ni mfupi, ana filimbi shingoni, na maneno yake ni ya kuhesabu. Alinipa taa na kamba akaniambia ningoje mlangoni.

Mara nikasikia mtu analia ndani: "Nakufa! Munisaidie!" Nikaona buti mbili zimelala kwenye moshi. Sikufikiri, Mama. Niliitupa kamba, nikakimbia nikikohoa, nikamkumbatia yule mtu ili nimvute, kumbe ni gunia la mchanga lililovalishwa suruali. Aliyekuwa akilia alikuwa mwanafunzi mmoja, amejibanza upande wa pili. Filimbi ikapigwa.

"Umeshakufa," moniteur akasema. "Sasa muko wawili. Tutafute wa tatu?"

Nilikasirika, unanijua nilivyo. Nikamwambia Papa yetu alikufa hivyo hivyo akimfuata mwenzake, na kambi nzima inamsifu mpaka leo, kwa hiyo asije akanifundisha woga. Hakunijibu kwa ukali. Aliuliza polepole: "Papa yako alikuwa wa ngapi?"

Jibu unalo wewe, Mama. Mzee Kasiano alianguka kwenye hewa mbaya ya shimo la zamani, Antoine akamfuata, na Papa akamfuata Antoine. Papa alikuwa wa tatu. Nilikaa pale pale kwenye majani nikalia mbele ya watu, mimi mwenye ndevu zangu.

Nilivyorudi nyumbani, mama mwenye nyumba aliona macho yangu mekundu akadhani nimefiwa. Mume wake anatega vikapu vikubwa kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya maji yanayokimbia, na kila asubuhi anaiparamia kama mtu apandaye ngazi ya nyumba yake. Nilipomweleza mama huyo habari yangu hakushangaa hata kidogo.

"Kwetu mutu akianguka ku mayi, hakuna mwenye kuruka," alisema akigeuza samaki motoni. "Wale wa ku miti banaita, wale wa mutumbwi kule chini banamukamata. Ule mwenye kuruka mbio, bon, tunalia watu wawili. Unawaza sisi hatupendane?"

Mama, nasema hili kwa heshima, na usidhani ninamshusha Papa. Moyo wake ulikuwa mkubwa, na ninamwonea fahari leo kama jana. Lakini hakuna aliyemfundisha la kufanya kabla ya kukimbia, na hilo linaniuma. Ile barua niliyoanza niliichana, nikabaki kwa moniteur Bonaventure wiki mbili nzima. Nilikufa mara nne zaidi kabla miguu yangu haijajifunza kusimama.

Mkurugenzi alishuka kwa ndege siku ya Ijumaa, akitaka jibu. Nilipomwambia shule ya moshi, alikunja uso. "Wiki mbili? Na ile ingine siku tatu, na diploma? Non, Sylvestre." Ni nani kambini kwetu anayempinga mkurugenzi? Nikampinga. Nikamwomba saa moja tu: watu watano wenye diploma ya sinema, watano wa moniteur, handaki lile lile. Alicheka, akakubali. Nadhani alitaka kunikomesha mbele ya watu.

Wa diploma waliingia kwanza. Kelele ilipotoka ndani, mmoja alikimbia, wa pili akamfuata, na kabla sijamaliza Baba Yetu moja moyoni wote watano walikuwa wamelala kwenye moshi na filimbi inawalilia. Wakaja wa moniteur. Kelele ikatoka, ile ile, ya kukata maini. Wa mbele alisimama. Akatanguliza taa kwenye mti mrefu, akautazama mwali kama umeshuka kwa hewa mbaya, akauona umesimama, akajifunga kamba, wanne wakashika, akaingia. Kamba ikavutwa mara mbili kutoka ndani, wale wanne wakavuta. Gunia likatoka, na mtu wetu nyuma yake, anakohoa na kucheka.

Nilimgeukia mkurugenzi. Unajua nilimkuta wapi? Hakuwa tena mahali pake. Kelele ilipotoka alikuwa amekimbia hatua tatu kuelekea mlangoni, na kofia yake ilikuwa imeanguka chini. Aliiokota, akaipangusa, akaivaa tena.

"Bon," akasema. "Mimi pia nilikuwa mufu. Alors, wiki mbili."

Mama, nilipiga kelele za furaha mpaka moniteur Bonaventure akanipigia filimbi! Mkurugenzi ameagiza handaki kama lile lijengwe kambini kwetu, na hakuna atakayeshuka shimoni kabla ya kupita humo. Na atakayefundisha ni mimi. Jana mama mwenye nyumba alipika liboke, samaki waliofungwa kwenye majani, akaita majirani, nikacheza hadi viatu vikanibana. Natoka hapa Jumatano kwa lori.

Nisalimie dada na mume wake, mjomba wetu, tonton fundi cherehani, na bibi anayekataa miwani. Mjane wa Antoine mpelekee habari hii wewe mwenyewe, kwa upole, usipoteze neno.

Na sasa katekista amwite Gaspard aje karibu, asikie kwa masikio yake. Mdogo wangu, wewe ndiwe mwanafunzi wangu wa kwanza, na sitakuonea huruma. Siku nikianguka mimi shimoni, ukanisikia nakuita kwa jina lako, usinikimbilie. Simama. Tanguliza taa. Jifunge kamba, wenzako waishike. Halafu njoo unitoe, tupande wote wawili kwa Mama.

Ni mimi mwanao wa kwanza,

Sylvestre, moniteur