Swali ambalo sikukuuliza kwenye chumba cha picha

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Sikupi shikamoo, kwa sababu wewe mwenyewe ulinikataza. Ulisema mke na mke mwenziwe hawaamkiani, wanatazamana kwa jicho baya tu, halafu ukacheka mpaka ukaanza kukohoa. Basi nakuandikia kama tulivyokuwa tunaongea, mimi mke mdogo wa babu ambaye hata sikuwahi kumwona. Ila leo utani umeniishia. Naogopa, Bibi. Nimekaa kwenye mkeka tangu tulipomaliza kuswali adhuhuri, na viganja vimelowa jasho hata karatasi inang'ang'ania vidole.

Kesho alfajiri kuna gari la kwenda Pemba, hii Pemba yetu ya Msumbiji, nami nimeshawekewa nafasi. Napeleka karatasi za kuomba kuingia chuo kikuu. Nataka kusomea radiolojia, ile kazi ya kuwapiga watu picha za mifupa na mapafu. Cheti cha darasa la kumi na mbili kipo, kivuli cha kitambulisho kipo, picha zangu ndogo zipo, ingawa nimetoka kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Kinachokosekana ni barua moja tu. Wanataka mwombaji aeleze kwa mkono wake kwa nini amechagua kozi hii. Nimeiandika mara nne na mara nne nimeichana.

Asubuhi Mama alisema karatasi za chuo hazikunjwi, nitafute bahasha ngumu. Humu ndani bahasha ngumu ni moja. Unaijua. Ipo chini ya godoro lako, ile kubwa ya rangi ya kahawia, na ndani yake umo wewe. Nimeitoa picha yako nikaiinua mlangoni kwenye mwanga. Mbavu zako zote zinahesabika, na upande wa kushoto, juu kidogo ya moyo, kuna kile kipande cheupe chenye pembe nne, ukubwa wa kiberiti. Nikakaa nayo kwenye mkeka. Tangu hapo sijainuka.

Unakumbuka baridi ya kile chumba cha picha, hospitali ya Pemba? Ulisema hata samaki hawawekwi kwenye baridi kama ile. Ulikuwa umekohoa miezi, umekonda mpaka kanga inakuzunguka mara mbili, na Mama alikuwa mpakani Namoto kwenye biashara yake ya vitunguu, kwa hiyo nilikusindikiza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Yule kijana wa mashine alikuwa mtu wa kusini, mpole, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na wewe Kireno hukukijua. Mimi nikawa mdomo wenu wote wawili. Nilijivuna kweli. Niliona nimekuwa mtu mkubwa.

Akaniambia nikuulize kama umevaa kitu chochote cha chuma. Mkufu, pini, chochote.

Nilijua umevaa. Nilikuwa naijua ile hirizi kuliko nilivyoyajua masomo yangu. Ilikuwa kibweta cha shaba, kimeshonewa kitambaa cheusi, umekivaa shingoni na kukibana ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Ulitengenezewa na mwalimu mmoja kule tulikokimbilia vita vilipoingia, wiki ile ile Mjomba Saidi aliporudi nyuma kuchukua baiskeli na asionekane tena. Kila nilipokusugua mgongo uliniambia maneno yale yale.

"Hii siivui mpaka mwanangu aje aivue mwenyewe."

Kwa hiyo sikukuuliza. Niliona haya kumtajia mwanamume mgeni kitu kilichomo ndani ya nguo za bibi yangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa miaka yote hii, na ni ya kweli, lakini ni ndogo. Kubwa ni kwamba niliogopa ungekataa mbele yake, na zaidi niliogopa ungekubali. Ungeivua, mimi ningejua kwamba hata wewe humngoji tena Mjomba. Nikamtazama yule kijana nikamjibu kwa Kireno safi cha darasani: hana.

Mashine ikalia mara moja. Akatoka, akaniita kwenye kioo chake, akaniwekea kidole kwenye kile kipande cheupe. Akauliza ni nini. Akasema nyuma yake haoni kitu, lazima turudie, nikuulize tena vizuri. Akanikazia macho. Nadhani alishajua. Mimi nikamwambia bibi amechoka, tutarudi kesho. Akasema sawa, kesho asubuhi, watu wa kwanza kabisa, akanitilia ile picha kwenye bahasha nirudi nayo. Nikakugeukia wewe, umekaa kwenye kiti na mikono imejikunja kwa baridi.

"Anasema tumemaliza, Bibi."

"Alhamdulillahi. Nwambie asante, na Mungu ampe nke nzuri."

Hilo nilimfikishia, neno kwa neno.

Kesho yake gari la kurudi kwetu liliondoka kabla hospitali haijafunguliwa, nami sikukwambia kitu. Tulipofika kijiji cha Mute wakasimama kushusha magunia ya mahindi, wewe ukaniuliza yule kijana alikuwa ananiuliza nini mara mbili mbili. Nikasema aliuliza jina la babu.

"Nawe ukanwambia ni nume wako?" Ukanifinya shavu. Nikacheka na wewe. Mpaka leo nikipita Mute najiinamia.

Halafu tukaenda kwa muuguzi hapa Palma, na Mama keshafika. Muuguzi akaitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena. Akauliza kwa nini mgonjwa hakuvua hicho kitu, kimeziba mahali penyewe. Mama akanigeukia mimi. Nilifungua mdomo, sijui ungetoka uongo gani, na wewe ukanitangulia.

"Nilikataa mie."

Ulisema hivyo tu, ukajifunika ushungi vizuri, ukainuka. Jioni ya siku hiyo nilikuwa nakuna nazi, ukaja ukakaa kwenye kizingiti. Nilidhani utanitukana. Afadhali ungenitukana.

"Ntoto wewe, ungenambia ningeivua. Kwani Saidi anarudi kwa shaba?"

Ukaingiza mkono kifuani, ukaivua, ukanitia kiganjani kwenye machicha ya nazi. Ilikuwa ya moto kwa joto la mwili wako. Tukakubaliana barabara ikitulia twende tena Pemba, safari hii wewe ukiwa umevaa gauni lao tu. Wiki ile barabara ikafungwa. Ikafunguka, mvua zikaanza. Nawe hukuzimaliza zile mvua.

Nyuma ya kile kipande palikuwa na nini, Bibi? Huenda ni ugonjwa wa kumeza vidonge miezi sita ukapona. Wengi wa hapa mtaani wamekohoa kama wewe, wamemeza vidonge vyao, na leo wanalima. Huenda ni ule usiokuwa na dawa. Sitajua mpaka nife. Hilo ndilo linalonifanya nikikaa peke yangu nitafute kelele yoyote, hata ya redio ya jirani.

Na kuna jambo jingine ambalo hulijui, lilianza baada yako. Mama anakusema. Wakija watu, hata siku ya hitima yako, utamsikia: marehemu mama yangu alikuwa na kichwa kigumu, angekivua tu kile kishaba tungekuwa naye. Anasema kwa uchungu, na watu wanatikisa vichwa, wanasema wazee ndivyo walivyo. Mimi napitisha vikombe. Nimekuacha uitwe mkaidi miaka yote hii, na mkaidi hukuwa.

Zile barua nne nilizochana, ya kwanza ilisema napenda teknolojia tangu utoto. Teknolojia gani? Mashine pekee ya utotoni mwangu ni cherehani ya jirani, na hata hiyo nilikatazwa kuigusa. Ya pili ilisema nataka kulisaidia taifa. Ya tatu na ya nne sitaki hata kuzikumbuka. Zote zilikuwa na Kireno kizuri, kama kile nilichomjibia yule kijana.

Ukweli ni kwamba kazi hii naitaka na inanitisha. Naogopa barabara ya kesho. Naogopa mtihani wa fizikia, kwa sababu nusu ya mwaka wa darasa la kumi tulikuwa tukihama hama tena kwa vita na madaftari yalibaki. Naogopa kuwa mtu wa kwanza kuiona habari ya mgonjwa, kabla ya daktari, kabla ya mwenyewe, na nitakiwe kuukaza uso wangu nimwambie tu asante, vaa nguo. Kuliko vyote naogopa siku atakapoingia binti wa miaka kumi na minne amemshika bibi yake mkono, nimuulize, naye anijibu hana. Nitamjua. Sasa nimfanye nini?

Na kesho kabla ya gari, Mama atanikalisha mbele yake anipe radhi ya safari. Nitapiga magoti niseme unisamehe yote, naye atasema nimekuridhia kwa yote. Atasema hivyo bila kujua ndani ya hayo yote mna nini. Radhi ya namna hiyo naona kama naiiba. Nikisafiri nayo, gari likipata lolote njiani, nitajua sababu. Nikimwambia, anaweza kuninyima, na bila radhi yake mimi siendi popote, si Pemba, si chuoni.

Mama yuko uani, namsikia anapepeta mchele. Naweka kalamu hapa. Kama chini ya mstari huu hakuna kitu, ujue nimeogopa.

Nimerudi.

Nilikuwa na hirizi yako kwenye pindo la kanga. Nilishindwa kuanza kusema, kwa hiyo nikaifungua nikaiweka ukingoni mwa ungo, juu ya mchele. Mama akaitazama. Akaacha kupepeta. Nikamwambia yote, kuanzia baridi ya chumba mpaka machicha ya nazi.

"Alijua kwamba umemdanganya?"

"Alijua siku ya muuguzi."

"Na akasema ni yeye."

"Ndiyo, Mama."

Akaichukua ile hirizi akainusa. Akakaa nayo puani muda mrefu. Halafu akasema, wala si kwa kuniambia mimi, "Mie nimensema mama yangu mbele za watu."

Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliweka ungo chini, akanawa mikono, akaingia ndani. Picha yako ilikuwa bado kwenye mkeka. Miaka yote hiyo hajawahi kuishika, alisema haina faida. Leo ameichukua akasimama nayo mlangoni pale pale nilipokuwa mimi, akaitafuta kwa kidole.

"Ndo hapa?"

"Ndo hapo."

Kidole chake hakikutoka. Nikamwona anavyopumua, mabega yanapanda na kushuka. Kisha akakaa chini, akachukua bahasha, akaanza kutia karatasi zangu moja moja, cheti kwanza, anazipangusa kila moja kwa kanga yake kana kwamba zina vumbi. Picha yako ameibakiza mapajani kwake. Akauliza ile barua yao iko wapi. Nikamwambia sijaiandika, sijui niseme nini.

"Sema hayo hayo uliyonambia."

Nikauliza, "Na radhi, Mama?"

"Kesho."

Neno moja tu, kisha akarudi kwenye mchele wake. Sijui kesho atasema nini. Nimejaribu kuisoma sauti yake kama ulivyonifundisha kusoma za watu na sikupata kitu. Kwa hiyo naandika haya nikiwa bado na hofu yangu yote, haikupungua hata chembe, imehama mahali tu.

Barua ya tano nimeimaliza. Inaanza kwa kusema kwamba nilimdanganya bibi yangu kwenye chumba cha picha. Huenda wakiisoma watasema huyu hafai, mtu wa kazi hii anatakiwa awe mwaminifu. Watakuwa na haki. Lakini hii sitaichana.

Kuna swali ambalo nimelifanyia mazoezi. Nalijua kwa Kireno, nalijua kwa Kiswahili, na jirani yetu amenifundisha namna ya kulisema kwa Kimakonde, nikisema ananicheka kwa matamshi yangu. Nikipata kazi nitaliuliza kila siku, kwa kila mtu, na sitamwachia mtoto kulijibu. Ila siwezi kwenda kumuuliza mtu mwingine kabla sijakuuliza wewe.

Bibi, umevaa kitu chochote cha chuma? Usione haya, yule kijana ametoka nje, tupo sisi wawili. Ivue, unipe mimi. Nitakushikia mpaka picha iishe, halafu nitakuvisha tena kwa mikono yangu.

Mjukuu wako,
mke mwenzako mdogo.