Kamba ya Baba na Jua la Dirishani

Mdogo wangu mzimamoto,

Hatujambo. Mama magoti yanamsumbua ila ulimi ni mzima. Bado anagombana na jogoo wa jirani.

Nilipoitilia shaka kamba ya marehemu Baba, ile unayoshukia ghorofani, ulinijibu, "Dada, wewe shona makoti, kamba niachie mimi." Sawa. Koti lako nililishona mwenyewe. Ndani ya nyuzi zake pete za kaboni, ndogo zisizoonekana kwa macho, zimeungwa kwa kupinda, ndiyo maana kitambaa ni laini na kinastahimili moto, ila hakina nguvu ya kamba. Za kamba zimeungwa kwa mstari mnyoofu, zikalala zimebanana kama mzigo wa kuni zilizonyooka. Kamba hiyo hushinda chuma, lakini jua huvunja viungo vyake polepole, na manjano yake hugeuka kahawia.

Baba aliianika dirishani kila alipotoka kazini, nawe umeirithi kamba pamoja na dirisha. Ulipokuja likizo nilichomoa uzi kwenye ncha yake nikauvuta kwa mikono hii inayoshindwa hata na kifuniko cha chupa. Ulikatika.

Najua unaibeba ili Baba awe nawe. Mimi nimeshazika mmoja, inatosha.

Kamba mpya imo kwenye mfuko mweusi, ikae humo. Ya Baba mpe dereva aliyekuletea barua hii. Nimemwambia asiondoke bila hiyo, hata ukimnunia. Nitaifunga uani, Mama aanikie mashuka. Hayo itayabeba. Wewe haikubebi tena.

Dada yako,
fundi wa makoti