Mama Nila na Mwiba Ambao Haukuwepo

Mwaka umetimia leo, Mama Leonila Navera, tangu Jumanne ile ya Februari ulipotutoka saa tano asubuhi, juu ya kitanda tulichokisogeza karibu na mlango wa jiko ili uzisikie sufuria. Leo tunavua nguo nyeusi. Padri amekuombea Misa, majirani wamejaa sebuleni, na sahani yako imepakuliwa kabla ya za walio hai, kama ulivyokuwa ukimpakulia marehemu mumeo, Baba Simeon, kila mwaka.

Watoto wako wamenipa kalamu ya kumbukumbu hii ya gazetini, mimi Jovelyn, mkweo. Binti yako Mirasol alisema kwenye simu kutoka Dubai, "Andika wewe. Wewe ndiye uliyekuwa naye." Rodante, mwanao wa kwanza na mume wangu, alinisogezea karatasi, akatoka nje. Najua ungeguna. Kwa miaka tisa hukuniachia hata mwiko, na leo nimeachiwa jina lako.

Uliuza pinangat katika soko la Camalig kwa miaka thelathini na moja. Kila alfajiri ulikunja majani ya majimbi, ukayajaza nyama ya nguruwe, uduvi, tangawizi na pilipili usiyoipima, ukayafunga kwa mchaichai na kuyapanga ndani ya tui zito. Ukafunika, ukakaa mbele ya chungu kama askari wa zamu. Mtu akifunua mapema, majani yanamwasha mlaji kooni, na aliyefunua anapata kofi. Rodante alilipata akiwa na miaka thelathini na nane, mbele ya wateja.

Hukuwa mtu wa maneno matamu, lakini hakuna aliyepita mlangoni kwako na njaa. Mlima ulipotema majivu na watu wakahamishiwa shuleni, ulipakia vyungu vyako kwenye bajaji ukawafuata. Siku kumi na tisa ulipikia madarasa matatu: kuku wa tangawizi na majani ya mlonge, uji wa wali, nguruwe wa siki na kitunguu saumu. Mwalimu mkuu alipotaka kukushukuru mbele ya watu, ulimwambia, "Nishukuru kwa kuleta kuni. Hizi zako zina maji."

Nilipoolewa kutoka Vintar, huko kaskazini Ilokos, hukunificha lililokuwa moyoni. "Watu wa kwenu hawajui nazi," ulisema siku ya kwanza. "Mnachemsha mboga mpaka zinalia, halafu mnaita chakula." Mwaka wa kwanza nilikupikia mboga za kwetu, biringani na karela na bamia, kwa samaki aliyechachushwa. Ulionja, ukafuta mdomo, ukampelekea nguruwe wa jirani. Nililia bafuni. Tangu hapo nilikuna nazi, niliosha vyungu, nilifagia majivu. Sufuria ilibaki yako.

Halafu Julai ya mwaka juzi ukaanza kukohoa ukila wali. Kwanza ulinilaumu mimi. "Umeyaosha vibaya majani, Jovelyn. Yananiwasha." Niliosha mara tatu zaidi. Siku chache baadaye ulikwenda mjini Legazpi peke yako, ukasema unafuata sufuria mpya. Ulirudi jioni mikono mitupu, ukasema hazikukupendeza. Kesho yake ukatutangazia kwamba umekwamwa na mwiba wa samaki.

Kila mtu hapa anajua dawa ya mwiba. Unameza tonge la wali bila kutafuna, unameza ndizi, na mwiba ukikataa, unamtafuta mtu aliyezaliwa akitanguliza miguu akupapase koo. Katika nyumba yetu mtu huyo ni Rodante. Tangu utotoni watu humletea watoto waliokwamwa.

"Njoo, mwanangu," ulimwambia. "Mkono wako ndio wenye dawa."

Basi kila jioni, baada ya kufunga kibanda, alikuketisha kwenye kigoda, akajipaka mafuta ya nazi mikononi na kukuchua taratibu kutoka chini ya kidevu mpaka shingoni. Mlizungumza. Mimi nilikuwa naosha vyombo nawasikia. Mlimzungumzia Baba Simeon, na mbwa wenu aliyekufa, na mwalimu aliyekuwa akimchapa Rodante. Siku moja nilisikia Rodante anacheka, nikageuka kuhakikisha ni yeye.

"Umeshuka?" alikuuliza kila mara.

"Kidogo," ulijibu. "Kesho tena."

Agosti, Septemba, Oktoba. Ulikonda mpaka pete ya ndoa ukaifunga uzi. Nilisema twende hospitali, ukaniuliza tangu lini watu wa Ilokos ni madaktari. Rodante aliposema, ulimshika mkono ukamwambia ameukaribia, asichoke. Hakuchoka. Alikuwa akiomba Mungu hata wakati anapasua kuni, nikimsikia, mwiba utoke, mwiba utoke.

Mwisho wa Oktoba ulianguka kibandani. Rodante alikubeba mgongoni mpaka barabarani. Hospitali walikupima siku mbili, wakatuita. Saratani ya koo, imeshashuka hadi kwenye ini. Rodante alimuuliza daktari kama miezi mitatu ile ingeleta tofauti. Daktari alikuwa amechoka, ana watu wengi nje. Alisema, "Siku zote tungependa kuwaona mapema." Maneno hayo matano mume wangu ameyabeba mpaka leo asubuhi.

Walikutoboa tumbo wakakuwekea mpira. Ukawa unalishwa maziwa kwa bomba la sindano, wewe uliyelisha madarasa matatu. Tulirudi nyumbani hatujui tule wapi. Tuliona aibu kutafuna mbele yako. Tukawa tunapikia kwa jirani Manay Charing na kula huko tumesimama, mjukuu wako Odessa tukimfuta mdomo kabla ya kumrudisha ndani. Ilidumu siku nne. Siku ya tano Rodante aliinama kukurekebishia mto, ukamnusa shati.

"Nguruwe wa siki," ulisema. Sauti yako ilikuwa imebaki kama karatasi inayokunjwa. "Na siki yenyewe ni ya dukani. Mnakula wapi?"

Rodante aliendelea kupigapiga mto.

"Nimewauliza. Mnakula wapi, nyie wezi?"

"Kwa Manay Charing, Bibi," alisema Odessa.

Ulitazama upande wa jiko. Kisha ukasema, "Jiko langu limekaa baridi siku nne, na mimi bado napumua. Mngengoja nife kwanza, ndipo mlizime."

Jioni ile ulitaka uketishwe mezani kwenye nafasi yako, ukaamuru tule mbele yako. Sijawahi kula chakula kigumu kushuka kama kile. Ulimtazama kila mmoja mdomoni, na Rodante alipoacha kutafuna ulimgonga kiganja kwa kijiko.

Ulimtaka Mirasol aje akupikie. Mwajiri wake alikataa kumwachia pasipoti mpaka Machi. Ulisikiliza simu mpaka mwisho, ukamwambia asilie, ukamrudishia Rodante simu yake. Halafu ukanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayechagua kuku dhaifu kwa sababu wamebaki hao tu.

"Nawa mikono," ulisema.

Ndivyo nilivyofundishwa. Wewe kwenye kiti chenye mito, mpira umebanwa kwa pini kwenye gauni, mimi mbele ya moto. Hukuweza kusimama uone ndani ya chungu, basi ulipika kwa masikio. "Sikiliza. Hilo tui linapiga kelele, punguza kuni. Sasa linanong'ona. Liache." Nikikosea uliniita binti wa maji ya moto. Nikipatia ulinyamaza. Chakula kikiiva nilikutia kidogo ulimini, ukafumba macho, kisha ukatema kwenye bakuli nililokushikia. Kila siku nilingoja hukumu, na kila siku ilikuwa moja. "Bado."

Sokoni walijua. Manay Charing alifungua kifurushi cha kwanza nilichopika peke yangu, akala, akafunga kilichobaki. "Tamu," alisema. "Lakini si ya Nila." Nusu ya wateja wako hawakurudi, Mama, na mpaka leo hawajarudi. Sikukuficha wakati ule, sikufichi sasa.

Sasa nifike kwenye jambo ulilonikataza.

Ilikuwa Januari, mchana wa mvua. Rodante alikwenda kukata majani, Odessa yuko shuleni. Nilikuwa nakusukumia maziwa kwenye mpira. Ulinishika kifundo cha mkono.

"Usimwambie Rodante."

"Nisimwambie nini, Mama?"

"Kwamba nilijua."

Nikaacha kusukuma.

"Siku ile ya sufuria," ulisema. "Nilikwenda kwa daktari. Waliniingiza mpira wenye taa mpaka tumboni, wakapiga na picha ya ini. Akaniambia ni saratani na ini limeshaliwa. Nikamuuliza, nikianza dawa leo nitapona? Akatazama meza yake. Sikumuuliza tena."

"Na mwiba?"

"Mwiba gani? Hapakuwa na mwiba."

Nilitaka kukuvuta kutoka kwenye mto nikutikise, Mungu anisamehe. Nilimwona akilini mume wangu akipaka mafuta mikono yake jioni zote zile. Nikakuuliza kwa nini, na nadhani nilipaza sauti.

Kila neno lilikuuma kulitoa. "Tangu tumzike baba yake, Rodante ananisalimu kama mgeni wa serikali. Anachukua mkono wangu, anaugusisha kwenye paji la uso wake, anaurudisha. Basi. Miaka kumi na minne. Ningesema saratani, angenipeleka hospitali, akakaa koridoni na makaratasi. Nikasema mwiba, akanishika." Ulipumzika. "Nilipata jioni themanini na kitu. Ningepata wapi nyingine?"

Ukaniapisha nisiseme. "Mwache aamini alimsaidia mama yake," ulisema. Niliapa, kwa sababu ulikuwa unakufa na ulikuwa umenishika mkono.

Lakini hukukaa kuona kilichofuata, Mama. Hakuamini alikusaidia. Aliamini alikuua. Tulipokuzika alikataa kutupa udongo, akisema mikono yake imeshafanya ya kutosha. Hakugusa tena mafuta ya nazi. Alinawa kila saa mpaka vidole vikapasuka. Mwezi wa sita mama mmoja alimleta mwanawe aliyekwamwa na mwiba, mtoto anatoa udenda na analia, na Rodante alijifungia bafuni mpaka wakaondoka. Mtoto alipona hospitali. Rodante hakula siku mbili. Nilimtazama yote hayo nikiwa na ufunguo mdomoni, nikaufumba mdomo, kwa ajili ya kiapo chako. Hilo ni kosa langu, wala si lako tena.

Leo asubuhi nilimsomea maandishi haya kabla hayajaenda gazetini. Alikuwa uani anakuna nazi kwa ajili ya chakula chako cha leo. Nilisoma kuanzia juu. Nilipofika kwenye siri ya siku ile ya sufuria alisimamisha mkono.

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Julai. Kabla hujaanza kumchua."

"Na ini lilikuwa limeshaliwa?"

"Siku hiyohiyo."

Alitazama ile nazi kama hajui ni kitu gani. "Miezi mitatu," alisema, "nilimwomba Mungu autoe mwiba ule. Yeye amekaa pale kigodani ananitazama nikiomba." Halafu akanigeukia. "Na wewe umekaa na hili mwaka mzima."

Nilisema ndiyo. Nilimuuliza kama nilifute.

"Acha. Watu wasome." Akamaliza nazi ile, akachukua nyingine. Hajanisemesha tena mpaka saa hizi ninapoandika mwisho, na sijui kama kesho atanisemesha. Pinangat imeiva, watu wamekula. Yeye amekula amesimama mlangoni, amewapa mgongo watu wote.

Sasa hivi amekuja nyuma ya kiti changu, ameisoma karatasi juu ya bega langu mpaka hapa, akaweka kidole chake kilichopasuka chini ya mstari wa mwisho. Amesema niongeze neno lake, niliandike kama lilivyo:

"Ningekushika hata bila mwiba, Mama. Ungeniambia tu."

Unakumbukwa na wanao Rodante na Mirasol, mkweo Jovelyn, mjukuu wako Odessa, jirani yako Manay Charing, na akina mama wenzako wa sokoni Camalig. Mungu akupe mahali pasipo na maumivu. Siku zote tutakazojaliwa, Mama, tutakukumbuka.