Kikapu cha Simu Kishushe

Shikamoo Mama,

Nilikuja kuwafundisha vijana wa Kishushe kampeni ya mitandaoni, ili nchi za kanda yetu zisaini mkataba wa kulinda mazingira na haki za watu. Kumbe mtandao unashika juu ya jabali tu. Leo Mkawasi, kiongozi wao, amepanda nami huko na kikapu cha simu za majirani, kila moja na video ya mwenyewe akidai aulizwe kabla shamba lake halijachimbwa madini. Kileleni zikaanza kutetemeka pamoja, kikapu kikavuma kama mzinga wa nyuki. Chini kabisa ya kikapu mlikuwa na kabambe ya nyanya mmoja, kisimu cha vibonye kisicho na kamera, kama chako.

“Alisema nayo ipande na wenzake,” Mkawasi akaniambia.

Mama, nimeshuka na kabambe hiyo mkononi, sikuirudisha kikapuni.

Jifunike, baridi ya Wundanyi naijua.

Mwanao, Wakesho