Disketi Kumi na Moja, Zote Tupu

Anti Debora, shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, kama herufi hazisomeki unisamehe, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu tarehe 30 Agosti maana baada ya hapo hata msaada wako hautakuwa na kazi.

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi ndogo hapa Dodoma inayokusanya maneno ya Kisandawe ili ipatikane kamusi, mwaka wa nne sasa, tunakwenda Kwa Mtoro huko Kondoa tunakaa na wazee, wao wanasema sisi tunaandika, tukirudi mimi naingiza kwenye kompyuta, na aliyetupa maneno mengi kuliko wote ni Bibi Sikudhani, ambaye kila nilipokosea zile sauti za kugonga ulimi alirudia bila kukasirika, neno la asali ya nyuki wadogo peke yake alinirudishia mara tisa hadi nikalipata, akacheka akasema, "Sasa ulimi wako umeamka." Mwanzoni mwa mwezi wa saba alifariki.

Kompyuta yetu ni ya zamani, inawaka kwa kusuasua, na huku redioni kila siku tunatishwa kwamba mwaka elfu mbili ukiingia mashine za zamani zitachanganyikiwa, basi bosi wetu Mzee Yotham akaamua iongezewe memori na ifungwe diski mpya, ile ya zamani ifutwe ipewe shule moja ya Ihumwa iliyoiomba. Akaniambia, "Miriam, nakili kila kitu kwenye disketi." Nikanakili, Anti, nakuapia nilinakili, nilivuta vile vipicha vya mafaili vilivyo usoni mwa kompyuta nikavitia kwenye disketi kimoja kimoja, vikaingia upesi hata nikafurahi, disketi kumi na moja, nikaziandika kwa kalamu nyekundu, Mzee Yotham akazifungia kwenye kabati la chuma, akampigia simu fundi Fabian mbele yangu akamwambia, "Njoo uchukue mashine, ukishafunga diski mpya futa ya zamani bila wasiwasi, maneno yetu tunayo."

Siku chache kabla ya arobaini ya Bibi Sikudhani, binti yake alikuja kuomba ukurasa mmoja wa maneno ya mama yake wausome siku hiyo, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeshakwenda kwa fundi, nikachukua disketi moja nikaenda kuchapa steshenari karibu na stendi. Mashine yao ikatafuta, ikatafuta, ikasema hakuna kitu. Dada wa pale akaniambia, "Dada, unakaona haka kamshale kwenye kona? Hii ni shortcut tu, njia ya mkato ya kwendea faili. Faili lenyewe umeliacha kwenye mashine yako." Nikarudi nikazichukua zote kwa kisingizio cha kuzifuta vumbi, nikampelekea azifungue moja moja, kumi na moja zote zina kamshale.

Binti wa marehemu nilimdanganya kwamba printa imeharibika, arobaini ikapita bila ule ukurasa. Daftari zetu za mwanzo zililoa zile mvua za El Nino, za baadaye tulikuwa tukizitupa kila tukishaingiza maneno kwenye kompyuta, na karatasi tulizochapa ni za mwaka wa kwanza tu. Memori na diski mpya zinafika kutoka Dar Jumatatu hiyo na fundi amesema anaanza kazi siku hiyohiyo. Nimekwenda mlangoni kwa Mzee Yotham mara tatu, mara ya tatu akainua macho akaniuliza, "Kuna nini, mwanangu?" nikasema nimefuata stepla. Naogopa, Anti, nikisikia simu ya ofisi inalia nahisi ni Fabian anasema ameshafuta. Naogopa kufukuzwa, lakini zaidi naogopa uso wa yule mzee, aliyenifundisha kazi akiniita mwanangu.

Je, ninyamaze, halafu disketi zikija kufunguliwa niseme zimeharibiwa na vumbi? Vumbi la Dodoma linajulikana. Tafadhali badili jina langu, maana gazeti hili ofisini tunalisoma sote, na Mzee huanza na ukurasa wako.

Mimi mwenye hofu,
Miriam, Dodoma.

ANTI DEBORA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelibadili, la Mzee Yotham pia. Lakini ofisi ya Dodoma inayoandika Kisandawe siwezi kuigeuza kiwanda cha sabuni. Gazeti hili linafika kwenu Jumamosi mchana, na kwa maelezo yako mwenyewe mzee huanza na ukurasa huu. Basi hesabu una saa chache tu za kumtangulia. Usinilaumu. Mwenye nia ya kuficha siri haipeleki gazetini. Uliponiandikia ulikuwa umeshaamua kusema, ulichokosa ni mdomo.

Pole kwa hofu. Kosa la disketi ni la kutojua, na wala hukulifanya peke yako: Mzee Yotham amefungia disketi kumi na moja kwa kufuli bila kuchungulia hata moja. Hapo nakutetea. Ila printa uliiharibu kwa mdomo wako, na stepla uliifuata ukijua hukuihitaji. Hayo ni yako. Vumbi la Dodoma nalo lina makosa yake ya kutosha, usilibambikie na hili.

Sasa sikiliza, maana hofu imekuziba masikio. Hakuna kilichopotea bado. Maneno yote yapo kwenye diski ya zamani pale kwa Fabian, mazima kama ulivyoyaacha. Yatapotea kwa njia moja tu, nayo ni wewe kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii atakayekufa mara ya pili ni Bibi Sikudhani.

Ukilisoma hili, vaa viatu, nenda nyumbani kwa Mzee Yotham. Usianze na habari za afya yako wala za mwaka elfu mbili. Mwambie disketi ni tupu, diski ya zamani isifutwe. Akifoka, mwache afoke, huku mkielekea kwa Fabian. Fundi afunge diski mpya, ile ya zamani aiweke ubavuni mwake kwenye mashine hiyohiyo, ahamishe mafaili yenyewe. Angalieni na ukubwa wa kila faili. Kazi ya miaka minne haiwezi kuenea mahali pa barua moja, hilo lingekushtua tangu siku ya kwanza. Zile herufi mlizowekewa za kuandikia sauti za ulimi zihamishwe pia, la sivyo mtafungua mkute viboksi vitupu badala ya herufi. Kisha kanakili upya, nenda kwa yule dada wa steshenari, fungua kwenye mashine yake, tafuta neno la asali ya nyuki wadogo. Ukiliona na alama zake zote, hapo ndipo useme umenakili. Shule ya Ihumwa isubiri wiki moja, haitakufa. Na chapa yote kwenye karatasi, seti moja umpelekee yule binti huko Kwa Mtoro kwa mkono wako mwenyewe, umwambie ukweli wa printa.

Kufukuzwa kazi? Huenda. Siwezi kukuahidi moyo wa mtu nisiyemjua. Ninachojua ni kwamba mzee aliyeuliza "Kuna nini, mwanangu?" alikuwa ameshaona kuna kitu, na bado anangoja jibu.

Bibi Sikudhani alikurudishia neno moja mara tisa bila kukuchoka. Wewe unatakiwa kusema sentensi moja, mara moja tu. Nenda.