Mandazi Kabla ya Damu

Mama,

Nimekaa jikoni kwako Kator, kwenye kile kigoda ulichoninyima miaka yote kwa kuwa, ulisema, nitakivunja. Hakijavunjika. Watu wameondoka sasa hivi, makaa bado yana moto, na nimeona nikuandikie kabla sijaosha vyombo, maana nikishaosha nitalala.

Habari ndogo kwanza. Upepo uling'oa bati la choo, mwanao Lado akalirudisha akiwa na haraka, sasa limepinda na mvua inatuingilia humohumo. Abdi wa duka la kona bado ananipimia sukari yako kila nikipita, kisha anakumbuka, anainamisha kichwa na kuongeza kidogo. Watu wameanza kujiandikisha kwa ajili ya kura. Mama Keji alijiandikisha mapema kuliko mtaa mzima, akaja hapa uani na kusema, "Hii kura, Mama Poni angepiga na mikono miwili." Nilicheka, halafu nikalia. Naye akakaa nami mpaka nikanyamaza.

Lakini habari yenyewe ni ya ile kazi. Unakumbuka ulivyonitangaza kanisani? "Binti yangu anapima mafuta ya watu." Kina mama wakaanza kuvuta vitenge kufunika viuno vyao. Nikalazimika kukueleza upya, wewe ukiwa unakanda unga: kwamba ndani ya damu mna mafuta ya aina nyingi, mengine yanachochea uvimbe wa utumbo na mengine yanautuliza, kwamba kule Nairobi kuna mashine inayoyatenganisha moja moja, na kwamba sisi wa Juba tunachukua damu za wagonjwa wa tumbo na za majirani zao wazima, tunazigandisha, tunazipeleka kwa ndege. Ili siku moja mtu mwenye maumivu kama yako ajulikane mapema, asimezeshwe dawa ya amiba bila kupona, kama wewe tangu ukimbizini Kitale hadi hapa. Ulifuta mikono ukasema, "Basi chukua na yangu."

Sharti lilikuwa moja tu. Mtu aje asubuhi bila kutia kitu mdomoni tangu jioni, kwa sababu mafuta ya chakula yakiingia kwenye damu yanafunika yale tunayoyatafuta.

Sasa, Mama, ni nani aliwapanga watu wa Rejaf waliokuja kutoa damu wapite mbele ya geti lako alfajiri, wakiwa wametembea, na wewe uko nje na karai la mafuta ya simsim, ukikaanga maandazi? Ndugu zako wa ukoo, wengine hamjaonana tangu kabla ya vita. Wangepitaje? Na wangekataaje?

Damu ikizungushwa kwenye mashine yetu, wekundu unashuka chini na maji ya manjano yanabaki juu. Yanatakiwa yawe angavu, uweze kuona kidole chako upande wa pili. Ya kwetu yalitoka meupe, mazito, na yalipokaa kwenye baridi yakafanya utando juu kama chai ya maziwa iliyosahaulika. Kichupa baada ya kichupa. Daktari wa Nairobi alipopata picha alipiga simu, akasema kwa upole kwamba friza yetu imeharibu kila kitu, jenereta za Juba anazijua, na huenda ni heri waiache Juba waendelee na miji mingine. Niliwauliza watu wote. Wote waliapa hawajala. Walikuwa wakiniangalia usoni na kuapa, maana nani angemsema mwanamke aliyempokea hivyo? Mpaka mzee mmoja aliponisogelea kwa karibu, nikaona chembe za sukari kwenye ndevu zake, na nikasikia harufu ya iliki.

Iliki hiyo naijua. Nimelelewa nayo.

Nilikasirika, Mama. Nilitaka kufunga maabara nije nigombane nawe hapo hapo getini. Nikawa navirudisha vichupa kwenye friza huku nikipanga maneno, na ndipo nikakishika cha kwako. Kilikuwa safi. Tulichukua damu yako asubuhi ileile, mkono wangu uleule, mashine ileile, na maji yake yalikuwa ya manjano na angavu, kidole changu kikionekana vizuri kabisa. Nikabaki nimesimama nacho.

Wewe uliyewakaangia wote, uliyewamiminia chai, uliyewasihi waongeze, hukuonja. Nikaanza kukumbuka yale maandazi. Kila asubuhi la kwanza kutoka kwenye mafuta uliliweka kwenye kisahani cha bluu, ukalifunika, ukasema, "Hili langu, nitakula baadaye." Na jioni ukinipakulia asida na kusema wewe umeshakula mchana, nami nimechoka, nikaamini. Kuku wa Mama Keji walinenepa kwa maandazi yako.

Nilikuja nyumbani kabla ya saa ya kutoka kazini. Sikugombana. Nilipika uji wa mtama, mwepesi, nikakaa mbele yako nikiwa nimeushika. Uliniangalia, ukaniuliza, "Nani amekuambia?"

"Damu yako," nikasema.

Ukacheka kicheko chako kile cha pembeni. "Hiyo damu iko na mdomo." Kisha ukaacha kucheka. "Chakula kikiingia kinaniuma, Poni. Kila kitu. Lakini nikiona mtu anakula, mimi nashiba. Maalesh, nisamehe, binti yangu. Nilijua utaogopa."

Niliogopa, ndiyo. Bado naogopa nikikumbuka ulivyokuwa mwepesi nilipokuinua. Lakini nakushukuru kwa wiki zile, kwa uji ule ulioukubali kwa ajili yangu, kijiko kimoja kimoja, ukilalamika kwamba sijui kupika. Nilipokueleza habari ya vichupa vyeupe ulijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika, sikujua kama ni kicheko au ni aibu. Halafu ukasema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo rahisi: "Wewe binti, mtu atoke kwangu na njaa, aende kutoa damu, arudi Rejaf na njaa? Wape wakitoka. Kalas, basi." Sijui kwa nini hakuna mtu kati yetu aliyefikiria kumlisha mtu baada ya kumchukua damu. Tulikuwa tukiwapa asante na pamba ya kukandamiza mkono.

Ulituacha mvua zilipoanza. Baada ya sala ya arobaini nilimpigia daktari wa Nairobi. Nikamwambia kama friza ndiyo mbaya, anieleze kichupa kimoja kimepona vipi. Akauliza ni cha nani. Nikasema ni cha mama yangu, aliyewalisha wengine wote, na kwamba hayupo. Kisha akasema turudie.

Tumerudia, Mama. Mama Keji ametundika kitenge chako cha njano juu ya geti, na kila aliyepita alfajiri alijua kikiwa pale chakula hakijaiva. Hakuna aliyehitaji kuapa. Wakitoka maabara na mikono imekunjwa, kitenge kinashushwa, wanaingia, wanakaa kwenye mkeka wako, wanakula na kukusema. Yule mzee wa ndevu ameniambia ulivyokuwa mtukutu ukiwa msichana, na mimi sitamwambia Lado.

Vichupa vyote vimetoka safi. Kimoja baada ya kingine, vya manjano, angavu, vikafanana na chako hata nikaanza kulia kazini na mwenzangu akanipa kiti. Sanduku limepanda ndege leo mchana. Cha kwako kimo humo, nimekifunga mwenyewe. Majibu hayatakuja kesho, huenda yakachukua miaka, na hayatakurudisha. Najua. Lakini kuna mama mwingine mahali fulani anayewekea kuku andazi lake, na binti yake amechoka, anaamini.

Basi pumzika kando ya mama yako huko Rejaf. Nakuahidi hakuna atakayetoa damu kwetu akarudi na njaa, maadamu mimi ndiye ninayeshika sindano. Na nakuahidi jambo la pili, gumu zaidi kwangu tangu uondoke, kwa maana Mama Keji ameshaanza kunitazama sahani kama imepungua.

Asubuhi ya leo nilikaanga mwenyewe. La kwanza nikaliweka kwenye kisahani cha bluu, nikalifunika kwa mazoea. Watu wote wakala, wakashiba, wakakaa hadi jioni, wakaaga. Sasa hivi nimelifunua. Limepoa, limekauka kidogo pembeni, iliki nimezidisha.

Nimelila lote, Mama.

Poni wako