Koti la Kufika Magotini

Kambini, Texas
9 Mei 1943

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu ni malengelenge matupu kwa mazoezi ya jeshi. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama?

Najua hukuja stesheni kuniaga kwa sababu nilivaa suti yangu pana. Sina kinyongo. Naomba moja tu: usiichome. Niliosha vyombo hotelini mwaka mzima kuipata.

Mwanao,
Eliseo

Los Angeles
21 Mei 1943

Eliseo,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida. Mama yako anakuombea mpaka watakatifu wamemchoka.

Suti yako sitaichoma, nitaikata. Kiwandani nashona sare za jeshi, kila kipande cha sufu kinapimwa, na kwa sababu ya vita serikali imekataza upana huo. Koti magotini, suruali wanaingia watu wawili na nafasi inabaki! Dada yako atapata sketi mbili. Jumamosi ya kwanza ya Juni nashika mkasi. Ninyi vijana wa suti hizo mmetufanya Wameksiko wote tuitwe wahuni.

Baba yako

Kambini
30 Mei 1943

Baba,

Shikamoo. Nyumba ni yako, kata. Ila ujue, nikiwa na suti ile ndipo nilipotembea barabara ya Broadway, hapo katikati ya mji wetu, mara ya kwanza bila kuinamisha kichwa. Ukiikata, usiniandikie tena.

Mwanao

Los Angeles
10 Juni 1943

Mwanangu Eliseo,

Hujambo? Sisi tuko hai, ndiyo maana naandika.

Mabaharia wa jeshi waliingia mjini na marungu, wakiwasaka wenye suti kama yako. Waliwatoa vijana wetu kwenye sinema, wakawapiga na kuwavua nguo barabarani. Nacho, mtoto wa jirani yetu Eulalia, walimwacha na chupi tu, kisha polisi wakamkamata yeye! Jumamosi asubuhi mama yake akaja analia, anaogopa kwenda kituoni peke yake. Mkasi ulikuwa mkononi, koti lako mezani. Nikauweka chini, nikalivaa.

"Fermín, umerukwa na akili?" mama yako akapiga kelele. "Mzee mzima!"

"Wakitaka kuvua watu," nikamwambia, "waanze na mimi."

Tulikwenda kwa miguu. Hakuna aliyenigusa, lakini watu njiani walivyonitazama, Eliseo! Nacho tumerudi naye, jicho limevimba.

Nilikuwa naona haya kutembea na wewe. Sikujua kwamba macho yale uliyapitia kila siku, halafu unaingia nyumbani, na mimi nakutazama vilevile. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako